Nusu ya Dawa

Mamangu hakuniambia. Aliyeniambia ni mama wa kitanda cha pili, na hata yeye alingoja mamangu asinzie kwanza.

"Wewe ndiye kijana wake? Jana usiku mamako aliuma leso mpaka ikatoboka. Hakulia. Sisi ndio tulilia."

Mchana wa jana yake mamangu alikuwa ametolewa faibroidi pamoja na kizazi chenyewe, katika hospitali moja ya umma ambayo sitaitaja. Alidungwa sindano ya mgongo, ganzi ikashika kutoka kiunoni kwenda chini, akawasikia madaktari wakipiga stori za mpira huku wanamkata. Ganzi iliisha mwendo wa saa tatu usiku. Wakati huo mimi nilikuwa nyumbani, kwa sababu saa kumi na mbili jioni askari wa geti alikuwa ametufukuza sote tuliokuja kuona wagonjwa.

Miguuni pa kitanda kulining'inia karatasi ya dawa. Niliipiga picha kwa simu, sijui kwa nini. Ilikuwa na mistari miwili ya dawa za maumivu. Wa kwanza: diklofenaki, sindano. Kwenye kisanduku cha saa mbili usiku kulikuwa na saini. Wa pili: mofini. Visanduku vyake vyote vilikuwa vitupu.

Nilimuuliza sista wa zamu. Hakunikasirikia, alikuwa amechoka tu. "Hiyo ingine ni ya DDA. Ufunguo haukuwa huku usiku." Kisha akaongeza, kwa upole kabisa: "Lakini diklofenaki alipata. Na si amevumilia?"

Mimi si daktari. Hata chuo kikuu sikumaliza. Lakini nina tabia ya kutafuta asili ya kitu kilichoniuma, na swali langu lilikuwa rahisi. Kama dawa moja inatosha, daktari aliandika ya pili ya nini? Na kama haitoshi, kwa nini ya pili ndiyo inayofungiwa? Jibu lilinirudisha nyuma zaidi ya miaka 250.

*

Tuanze na mstari wa pili, kwa sababu ndio mkongwe. Asili ya mofini ni mpopi, mmea ambao vifuko vyake vya mbegu vikikwaruzwa kwa kisu vikiwa vibichi hutoa maziwa meupe, nayo maziwa yakikauka yanakuwa gundi ya rangi ya kahawia. Kiswahili kina majina mawili ya gundi hiyo: afyuni na kasumba. Ndiyo, kasumba ileile. Tukisema mtu ana kasumba ya kikoloni, tunamaanisha amelishwa kitu kikalewesha akili yake na bado hajazinduka. Wengi wetu tulifunzwa maana hiyo shuleni bila kuambiwa kwamba kuna nyingine. Liweke neno hilo mfukoni, tutalihitaji.

Watu walitumia afyuni dhidi ya maumivu kwa maelfu ya miaka, na tatizo lilikuwa moja: huwezi kujua nguvu yake. Gundi ya shamba hili si sawa na ya shamba lile. Matone kumi ya leo yanakulaza, matone kumi ya kesho hayafanyi kitu, ya kesho kutwa yanakuua.

Aliyetatua jambo hilo hakuwa profesa. Friedrich Sertürner alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwanagenzi katika duka la dawa mjini Paderborn, Ujerumani, na hakuwa na masomo ya chuo kikuu. (Niruhusu nimpende kwa hilo.) Mwaka wa 1804 na 1805, akifanya kazi kwa vifaa vya dukani, alitenga kutoka kwa afyuni chembe nyeupe zenye nguvu ileile kila wakati. Wakubwa wa sayansi hawakumjali. Mwaka wa 1817 akachapisha jaribio alilojifanyia mwenyewe pamoja na vijana watatu wasiozidi miaka 17: walimeza chembe hizo mara tatu katika muda usiofika saa moja, wakalewa na kuzidiwa, mpaka Sertürner akawanywesha siki kali ili watapike. Dawa hiyo aliipa jina la Morpheus, mungu wa ndoto wa Wagiriki. Kufikia 1827 familia ya Merck kule Darmstadt ilikuwa inaiuza kama bidhaa. Mwaka wa 1853, Alexander Wood wa Edinburgh akaanza kuidunga chini ya ngozi kwa sindano. Kuanzia hapo daktari aliweza kusema: kiasi hiki, mahali hapa, sasa.

*

Mstari wa kwanza ulianzia kwenye gome la mti.

Mwaka wa 1763 kasisi mmoja wa Kiingereza, Edward Stone wa Chipping Norton, aliandikia Royal Society ya London barua. Miaka kadhaa kabla yake alikuwa ameonja gome la mwerebi, mti unaopenda kuota kando ya maji, akashtuka kwa uchungu wake. Ulimkumbusha gome la mti wa kwinini, ambalo lilikuwa ghali. Isitoshe, alifuata imani ya enzi zake kwamba Mungu huweka dawa karibu na ugonjwa. Homa za vipindi ziko penye unyevu, na mwerebi pia uko penye unyevu. Akalikausha gome hilo kwenye tanuri la mwokaji mikate kwa zaidi ya miezi mitatu, akalitwanga, akawapa watu wapatao 50 wenye homa. Akaona linasaidia.

Bibi yako aliyekuchemshia mwarobaini angemwelewa Stone bila mkalimani. Sababu aliyotoa haikuwa sahihi, lakini dawa ilikuwa ndani ya gome kweli. Mwaka wa 1828 Johann Buchner, kule Munich, alitoa kwenye gome hilo chembe chungu za manjano, akaziita salisini. Dawa zilizotokana nazo zilishusha homa na kutuliza viungo vilivyovimba. Ubaya wake ni kwamba zilichoma tumbo.

Kwa hiyo tuna njia mbili, mpopi na mwerebi. Zilikutana mara ya kwanza kwa ajabu ambayo mtunzi wa riwaya angeogopa kuiandika, maana msomaji angesema anazidisha chumvi.

Tarehe 10 Agosti 1897, katika kiwanda cha Bayer mjini Elberfeld, mkemia Felix Hoffmann alitengeneza namna safi ya dawa ya gome isiyochoma tumbo kama ile ya zamani. Siku 11 baadaye, katika maabara ileile, kwa mbinu karibu ileile, akaichukua mofini na kuigeuza kuwa kitu kingine. Dawa ya kwanza iliuzwa kwa jina la Aspirin, ya pili kwa jina la Heroin. Unaweza kusema, bila kutia chumvi, kwamba aspirini na heroini ni mapacha wa wiki mbili.

Sifa za Hoffmann zina mgogoro. Mwaka wa 1949 mwenzake wa zamani, Arthur Eichengrün, aliandika kwamba wazo la aspirini lilikuwa lake na Hoffmann alifuata maagizo tu. Eichengrün alikuwa Myahudi, na Wanazi walikuwa wamemfunga katika kambi ya Theresienstadt. Jina lake halikuwa la kutajwa Ujerumani wakati stori rasmi inaandikwa. Heroini nayo haikuwa mpya kabisa, kwani Mwingereza C. R. Alder Wright alikuwa ameitengeneza mwaka wa 1874 akaiacha. Ila Bayer ndio walioiuza, na waliiuza kama dawa ya kikohozi. Heinrich Dreser, mkuu wa kupima dawa pale kiwandani, aliishuku zaidi aspirini, akihofia kwamba ingedhoofisha moyo.

Pacha mmoja leo anauzwa kioskini kando ya biskuti. Mwingine Wapwani wanamwita unga, na kuna familia Mombasa, Malindi na Lamu ambazo hazihitaji kuelezwa zaidi.

Jambo la kushangaza ni kwamba zilizaliwa pamoja, lakini ilichukua karibu miaka 100 kabla ya madaktari kukaa chini na kufikiria vizuri: itakuwaje tukizitumia mbili hizi za asili tofauti kwa mgonjwa mmoja, kwa makusudi?

*

Sababu moja ni kwamba upasuaji ulikuwa umeshajiona mshindi. Tarehe 16 Oktoba 1846, katika hospitali ya Massachusetts General mjini Boston, William Morton alimnusisha mgonjwa mvuke wa etha, na mgonjwa akakatwa shingoni akiwa hajitambui. Nusukaputi ilikuwa imefika. Kabla ya hapo daktari bora alikuwa yule mwenye mkono wa haraka. Baada ya hapo, ungeweza kukata polepole.

Lakini nusukaputi inashughulikia saa za kisu tu. Mgonjwa akiamka, maumivu yanamsubiri kitandani. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 jibu lilikuwa sindano moja ya mofini au pethidini kwenye msuli, kila baada ya saa kadhaa, "ikihitajika". Neno hilo dogo lilibeba mambo mengi. Mgonjwa alipaswa kuumwa, kisha kuita, kisha kuaminiwa. Mwaka wa 1973 madaktari wawili wa New York, Marks na Sachar, walichunguza wagonjwa 37 wa wodi za kawaida waliokuwa wameandikiwa pethidini. Karibu theluthi moja walikuwa bado katika mateso makali. Madaktari waliandika kiasi kidogo, na wauguzi wakatoa kidogo zaidi ya kilichoandikwa, kwa hofu ya uraibu.

Kulikuwa pia na stori ya wanajeshi. Henry Beecher, daktari wa nusukaputi wa Marekani, aliwahudumia askari waliojeruhiwa Italia katika Vita vya Pili vya Dunia, pamoja na wale wa Anzio mwaka wa 1944. Aliwauliza watu wenye mifupa iliyovunjika na matumbo yaliyopasuliwa kama wanataka dawa ya maumivu. Takriban robo tatu walisema hapana. Stori hiyo imetumika mara nyingi kusifu uvumilivu. Wachache hufuatilia alichokifanya Beecher baadaye. Mwaka wa 1956 alilinganisha askari hao na raia waliofanyiwa upasuaji wa kawaida, na zaidi ya raia wanne kati ya watano walitaka dawa. Alieleza kwamba jeraha la askari lilikuwa tiketi ya kurudi nyumbani akiwa hai, ilhali la raia ni mwanzo wa matatizo. Maumivu yanategemea pia jeraha lina maana gani kwako.

Mamangu hakuwa Anzio. Alikuwa anafikiria ni nani atafungua kibanda chake cha mboga, na kwa muda gani.

*

Sababu ya pili ya kuchelewa ni kwamba hakuna aliyejua dawa hizi zinafanya kazi vipi.

Brufen, ambayo kwetu ni kama jina la ukoo, ilitengenezwa kule Nottingham na watafiti wa kampuni ya Boots, Stewart Adams na John Nicholson. Adams alikuwa akizijaribu dawa zake mwenyewe. Aliwahi kusimulia kwamba asubuhi moja Moscow aliamka kichwa kinamgonga kwa sababu ya vodka ya jana yake, na alikuwa na hotuba ya kutoa. Akameza miligramu 600 za ibuprofeni. Ilifanya kazi. Dawa hiyo ilianza kuandikiwa wagonjwa Uingereza mwaka wa 1969, na bado mtaalamu yeyote aliyeulizwa inafanya nini hasa mwilini angebaki kukuna kichwa.

Miaka miwili baadaye, 1971, John Vane wa London alionyesha kwamba aspirini na jamaa zake huzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Aspirini ilikuwa imeuzwa kwa miaka 72 bila mtu kujua hilo. Vane aligawana Tuzo ya Nobel ya 1982. Mwaka wa 1973, kule Baltimore, Candace Pert na Solomon Snyder walionyesha kwamba ubongo una vipokezi maalumu ambavyo mofini hujipachika kama ufunguo kwenye kufuli. Na 1975, mjini Aberdeen, John Hughes na Hans Kosterlitz walipata sababu ya kufuli hizo kuwepo: mwili una mofini yake yenyewe, kwa kiasi kidogo.

Sasa picha ilikuwa kamili, na nitaieleza kwa matatu. Uko ndani ya matatu ya Rongai, spika ziko chini ya kiti chako, muziki unakupasua kifua. Kidonda cha upasuaji ndicho spika. Seli zilizokatwa humwaga prostaglandini, nazo huzifanya ncha za neva ziwe nyepesi kuchokozeka, kama mtu anayeongeza sauti kila dakika. Diklofenaki na brufen humwendea makanga na kumwambia apunguze. Mofini haimgusi makanga. Yenyewe huja kwako na kukuziba masikio, pale kwenye uti wa mgongo na ubongo ambako sauti inapokelewa.

Ukitumia ya kwanza peke yake baada ya upasuaji mkubwa, muziki unapungua lakini bado unakupasua, na kuna kiwango ambacho ukikipita hupati nafuu zaidi. Unapata vidonda vya tumbo, figo zilizoumia na damu isiyoganda vizuri. Ukitumia ya pili peke yake, itabidi uzibwe masikio kabisa. Maana yake ni kichefuchefu, kutapika huku una mshono tumboni, kufunga choo, usingizi mzito, na kiwango kikizidi, pumzi kukata. Lakini makanga akipunguza kidogo na wewe ukizibwa kidogo, unasafiri. Hiyo ndiyo hesabu iliyo nyuma ya mistari miwili.

*

Shirika la Afya Duniani liliiandika hesabu hiyo mwaka wa 1986 kwa ajili ya maumivu ya saratani, kwa mfano wa ngazi. Ukipanda kutoka dawa za kawaida hadi mofini, huziachi zile za kawaida nyuma, unaweza kuzitumia pamoja. Kwa upande wa upasuaji, jina linalotajwa zaidi ni Henrik Kehlet wa Denmark. Mwaka wa 1993 yeye na Jørgen Dahl walichapisha hoja kwamba maumivu baada ya kisu yashambuliwe kwa dawa za aina tofauti kwa pamoja, kila moja kwa kiasi kidogo. Kehlet alikuwa daktari wa upasuaji, na swali lake halikuwa maumivu peke yake. Alikuwa akiuliza: kwa nini mgonjwa niliyemkata vizuri bado yuko kitandani? Mgonjwa anayeumwa hapumui kwa kina, na mapafu yake yanapata nimonia. Asiyeamka anaganda damu miguuni. Anayetapika hali. Mwaka wa 1999, kwa kuunganisha dawa hizo, ganzi ya mgongoni, chakula cha mapema na kuamshwa mapema, timu yake iliripoti wagonjwa waliokatwa utumbo mkubwa na kurudi nyumbani kwa siku 2. Wakati huo kukaa wiki nzima na zaidi kulikuwa kawaida.

Mwaka wa 2005 watafiti walikusanya majaribio mengi ya wagonjwa waliopewa mofini kwa mashine yenye kitufe, ambapo mgonjwa mwenyewe hubonyeza akiumwa. Walioongezewa dawa za kupunguza uvimbe walibonyeza mara chache zaidi. Kulingana na dawa iliyoongezwa, mofini waliyotumia katika saa 24 ilipungua kwa asilimia 15 hadi 55. Kichefuchefu na kutapika vikapungua kwa karibu asilimia 30. Unaweza kuona ni kitu kidogo. Mwulize mtu aliyewahi kutapika akiwa na mshono mbichi tumboni.

Historia hii nayo ina tapeli wake. Scott Reuben, daktari wa nusukaputi mjini Springfield, Massachusetts, alikuwa nyota wa fani hii. Makala zake zilisifu kuunganisha dawa mpya za kupunguza uvimbe na opioidi, na madaktari wengi walizifuata. Mwaka wa 2008 ukaguzi wa kawaida hospitalini kwake ukagundua kwamba tafiti zake mbili hazikuwa na kibali. Wakaendelea kuchimba. Mwaka wa 2009 ikatangazwa kwamba angalau makala 21 zilikuwa za kubuni, zenye wagonjwa ambao hawakuwahi kuwepo. Mwaka wa 2010 alihukumiwa kifungo cha miezi 6. Tayari moja ya dawa alizozipigia debe, Vioxx, ilikuwa imeondolewa sokoni mwaka wa 2004 kwa sababu ya mishtuko ya moyo na kiharusi.

Watafiti wengine wakarudi kwenye mahesabu, wakatoa data zake zote, wakajumlisha upya. Sehemu kubwa ya hitimisho haikubadilika. Kuunganisha kulifanya kazi hata bila uongo wake. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuhusu Reuben: alidanganya kuhusu kitu ambacho kilikuwa kweli.

Wakati huohuo Marekani ilikuwa inazama. OxyContin, opioidi ya kampuni ya Purdue, iliingia sokoni 1996 kwa kampeni iliyopunguza hatari yake. Kampuni hiyo ilikiri makosa ya jinai mwaka wa 2007, na tena 2020. Baada ya mazishi mengi, hospitali za huko zilikimbilia njia ya Kehlet kwa nguvu mpya. Kwao shabaha ya kuunganisha ikawa kupunguza opioidi kwa sababu wanazo nyingi mno.

*

Sasa turudi wodini.

Mwaka wa 2017 tume ya jarida la Lancet ilitoa hesabu ya dunia. Kati ya tani 298.5 za opioidi za matibabu zinazosambazwa kwa mwaka, zikipimwa kwa nguvu ya mofini, nchi maskini zaidi zinapata tani 0.1. Yaani kilo 100 kwa nchi zote za kundi hilo. Kenya kwa karatasi haimo katika kundi hilo, imepanda daraja. Lakini mwaka wa 2010 shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba mofini ya kunywa ilipatikana katika hospitali 7 tu kati ya takriban 250 za umma nchini. Tangu wakati huo zimeongezeka, na sifa ziende kwa watu wa huduma za wagonjwa mahututi waliokuwa wakibisha hodi tangu Nairobi Hospice ifunguliwe mwaka wa 1990. Daktari wake wa kwanza, Anne Merriman, alihamia Uganda 1993. Kule mofini ya unga huchanganywa na maji, hutiwa rangi kuonyesha nguvu yake, na tangu 2004 wauguzi waliopewa mafunzo wanaruhusiwa kuiandika. Haikuhitaji utajiri wa mafuta. Ilihitaji mtu kuamua.

Na ile DDA aliyoitaja sista? Nilifikiri ni idara fulani. Kumbe ni Dangerous Drugs Act, Sheria ya Dawa Hatari. Waingereza walipitisha yao mwaka wa 1920, na jina likaja na serikali yao. Siku hizi Kenya ina sheria nyingine, ya 1994, iliyotungwa dhidi ya walanguzi na iliyokuja na kifungo cha maisha. Ila wodini kabati bado linaitwa DDA. Mkoloni alienda, sheria ikabadilishwa, jina likabaki limening'inia kwenye ufunguo. Mkataba wa kimataifa wa 1961, ambao sheria hizi zinauegemea, unasema katika utangulizi wake kwamba dawa hizi ni za lazima katika kuondoa maumivu na kwamba zipatikane. Sehemu ya kufunga tulitekeleza vizuri sana.

Sitaki kumlaumu sista. Usiku ule alikuwa peke yake na wodi nzima. Mofini inataka saini kwenye daftari, shahidi, hesabu isiyokosea hata ampuli moja, na mtu wa kurudi kuangalia kama mgonjwa anapumua. Akikosea, kazi imeenda, labda na uhuru wake. Diklofenaki haidai hayo yote. Basi diklofenaki inatolewa, mofini inaandikwa tu, na pengo lililobaki katikati tumelipa jina zuri: uvumilivu.

Hapo ndipo ninalitoa lile neno mfukoni. Kasumba ya kweli, ile ya mpopi, tumeifungia kabatini. Ile nyingine inazunguka huru wodini: kwamba mwanamke aliyekatwa tumbo na asilie ni jasiri, na anayelia ni msumbufu. Nilikuwa nayo pia. Asubuhi ile, kabla ya kuiona karatasi, niliposikia kwamba mamangu hakulia, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa fahari.

Mapishi ya Kehlet yana viungo viwili na zaidi. Wao wameyapokea ili wapunguze kiungo kimoja. Sisi tumeyapokea kwenye karatasi, tukapika kwa nusu, tukamlaumu mlaji kwa kutoshiba. Na nusu hiyo siyo salama kiasi tunachodhani, kwani mwenye figo dhaifu au vidonda vya tumbo diklofenaki inaweza kumuumiza vibaya, na kuongeza tembe za kemisti juu ya sindano ya hospitali ni kutafuta balaa. Hesabu hii ni ya daktari na muuguzi. Ya kwetu ni kuuliza. Siku hizi nikienda kumwona mtu aliyetoka upasuaji, siulizi tena kama amevumilia. Namuuliza sista, kwa heshima: zimeandikwa ngapi, na zimetolewa ngapi?

Niliuliza hivyo kwa mara ya kwanza jioni ya siku ya pili, nikiwa na simu mkononi. Sista wa zamu ile alikuwa mwingine. Aliitazama karatasi, akanitazama, akaenda. Alirudi na mwenzake, wakahesabu pamoja, wakaandika kwenye daftari. Walimpa mamangu kiasi kidogo, kwa sababu diklofenaki ilikuwa tayari inafanya kazi yake. Asubuhi nilimkuta ameketi. Alikuwa ametembea hadi msalani akishika ukuta, na akaniuliza kama nimekuja na chai au nimekuja mikono mitupu.

Bado ninayo picha ya pili ya karatasi ile, niliyoipiga siku alipotoka. Mstari wa kwanza umejaa saini. Wa pili una moja tu.